Kompyuta ya bodi moja kwenye bruda ya Mama Mkubwa: shajara kutoka Nkuhungu

Jumamosi, 7 Juni 2025

Imefika. Binamu yangu ameshuka na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam asubuhi hii, akanikabidhi bahasha nyepesi kiasi kwamba nilimuuliza kama kweli ametia kitu ndani. Ni Raspberry Pi Zero 2 W, milimita 65 kwa 30. Nimeiweka juu ya kitambulisho changu cha taifa, haifiki hata nusu yake. Hii ni kompyuta kamili: ina prosesa, ina memori, ina Wi-Fi, na sehemu ya kuchomeka skrini. Imenigharimu shilingi 95,000 hadi kufika mkononi.

Naandika kwanza sababu ya kuinunua, maana nikikwama huko mbele nitahitaji kuisoma tena. Julai mwaka jana, kwenye bruda yake, ile sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, Mama Mkubwa alipoteza vifaranga 23 kati ya 100 ndani ya siku kumi. Majirani walisema ni ugonjwa. Bwana mifugo alipokuja aliwapasua wawili, akaangalia, kisha akauliza swali moja: "Usiku wa manane humu ndani kunakuwa na joto kiasi gani?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Mama Mkubwa hupima kwa mgongo wa mkono, na mkono wake naujua, umelea kuku tangu sijazaliwa. Lakini saa tisa usiku mkono huo uko chini ya blanketi, na hapa Nkuhungu, Dodoma, wakati wa kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14.

Kwa hiyo nataka kitu kimoja tu: chombo kinachokaa macho usiku kucha na kuandika joto. Vifaranga wapya wameagizwa, watakuja tarehe 2 Julai. Nina wiki tatu na ushee.

Mimi nafanya kazi steshenari mjini: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta naijua upande wa kibodi. Upande wa nyaya naanza leo.

Jumapili, 8 Juni

Ubavuni ina matundu matatu: moja la HDMI ndogo, na mawili ya micro-USB yanayofanana kama mapacha. Tazama maandishi kabla ya kuchomeka. Lililoandikwa PWR IN, lile la pembeni kabisa, ndilo la umeme. Lingine ni la vifaa. Haina swichi ya kuwashia. Ukiipa umeme, imewaka.

Tena haina diski ndani. Kila kitu, mfumo wa uendeshaji na mafaili yako, kinakaa kwenye memori kadi ya microSD. Kadi nimenunua jana jioni, GB 64 kwa shilingi 10,000, na leo nimeingia steshenari ingawa ni Jumapili ili nitumie kompyuta ya pale. Programu ya kuandikia kadi inaitwa Raspberry Pi Imager. Unachagua aina ya bodi, unachagua mfumo, unachagua kadi, basi. Nimechukua toleo la Lite, lisilo na madirisha wala picha, kwa sababu bodi hii ina memori ya MB 512 na sitaki imalize nguvu kwa kunichorea pazia ambalo sitalitazama.

Jambo la kushika: Imager inakuuliza jina la kompyuta, jina la mtumiaji, nenosiri, Wi-Fi na nchi. Jaza vyote hapo hapo, na ruhusu SSH, ile njia ya kuingia ndani ya mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Maelekezo ya zamani yatakwambia mtumiaji ni "pi" na nenosiri ni "raspberry". Utaratibu huo ulifutwa Aprili 2022. Siku hizi usipojitengenezea jina lako, huingii. Yangu nimeiita "bruda".

Wakati kadi inaandikwa nilikuwa nasoma ilikotoka mashine hii. Eben Upton na wenzake pale Cambridge, Uingereza, waliona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuandika programu hata moja. Wenyewe walikuwa wamekulia kwenye BBC Micro, kompyuta ya mwaka 1981 ambayo ukiiwasha inakungoja uiamrishe. Wakataka kitu cha namna hiyo, cha bei ambayo mtoto akikiunguza nyumba haitikisiki. Raspberry Pi ya kwanza iliuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Novemba 2015 wakatoa Zero kwa dola 5, wakaibandika bure kwenye jalada la gazeti lao la MagPi. Kompyuta kwenye jalada la gazeti! Hii yangu, Zero 2 W, ni ya Oktoba 2021 na ilitangazwa kwa dola 15. Sisi tunaongeza njia iliyosafiri.

Nimeiwasha saa kumi jioni. Taa ndogo ya kijani ikapepesa. Kwenye mtandao haikuonekana.

Jumanne, 10 Juni

Siku mbili bila kuiona. Nimeandika kadi upya mara tatu nikidhani nimekosea nenosiri.

Kosa lilikuwa kwenye simu yangu. Bodi hii inasikia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake, na simu yangu ilikuwa inarusha hotspoti kwa gigahezi 5. Ni kama kumwita mtu kwa filimbi asiyoisikia. Hata ukiita usiku kucha hageuki. Nimebadilisha kwenye mipangilio ya simu, nikahesabu dakika mbili, nikaandika amri ya SSH.

Mstari ukatokea: bruda, alama ya dola, na kishale kinapepesa.

Nimekaa nikikitazama. Miaka sita nimekuwa nikibonyeza vitu ambavyo watu wengine wamevitayarisha. Kishale hiki hakijatayarishiwa chochote. Kinaningoja mimi.

Nimeandika amri ya kuiuliza joto la prosesa yake, ikajibu nyuzi 46. Inaanza kujipunguza kasi ikikaribia 80, kwa hiyo jua la Dodoma inaweza kulihimili nikiiwekea kivuli.

Alhamisi, 12 Juni

Haiwaki. Jana usiku niliingiza masasisho, yakaenda karibu dakika 40, nikaizima kwa utaratibu. Asubuhi taa inawaka mara moja, inanyamaza.

Kwanza nilishuku chaja. Nimejaribu tatu, na hapa nasema wazi: chaja ya simu ya zamani isiyofika ampea 2 usiitumie. Nimenunua ya volti 5, ampea 2.5, shilingi 15,000, yenye waya mfupi mnene. Hata kwa hiyo, kimya.

Mchana kazini nikaipima kadi kwa programu ya H2testw, ambayo inaijaza kadi data hadi pomoni kisha inaisoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Kadi iliyoandikwa GB 64 ina GB 7 na kidogo. Zilizobaki ni maandishi tu kwenye plastiki. Ndiyo maana mwanzo ilikubali: mfumo wa Lite ni mdogo, ulienea ndani ya zile saba za kweli. Masasisho yalipovuka mpaka, mafaili yakaandikwa hewani.

Sikurudi kugombana dukani. Muuzaji mwenyewe huenda aliuziwa hivyo hivyo. Ila yeyote anayeanza namwambia: ipime kadi kabla hujaipa kazi, hata kama inachukua saa nzima. Nimenunua ya GB 32 kwa shilingi 18,000, nikaipima, ni 32 kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Zero 2 W inakuja na matundu 40 matupu, bila pini. Pini unazinunua au unakuta zimewekwa pembeni, na kuzilehemu ni juu yako. Mimi sijawahi kushika chuma cha kulehemu, nikaenda kwa fundi simu mmoja karibu na soko la Majengo.

"Mbukwa, dada."

"Mbukwa. Kaka, naomba unifungie pini hizi."

Akaigeuza bodi chini ya miwani yake ya kukuzia. "Hii ni ya simu gani?"

"Si ya simu. Ni kompyuta yenyewe."

Akaitazama tena, kimya, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akaniuliza itafanya nini, nikamweleza habari ya vifaranga. Akavuta kiti akaniambia nikae nione.

Hakuanzia mwanzo wa mstari. Alipaka dawa ya kulehemu kwenye matundu yote, akafunga pini ya kona moja, akafunga ya kona ya mshazari, akaiinua bodi usawa wa jicho kuona kama safu imesimama wima. Haikusimama. Akaipasha kona ya pili, akaisukuma kwa ukucha, ikanyooka. "Kona mbili zikikaa sawa," alisema, "hizi 38 zinafuata zenyewe." Kisha akaenda moja moja: ncha ya chuma inagusa pini na kishimo kwa pamoja, anahesabu moja, mbili, waya wa risasi unagusa, unayeyuka, unazunguka pini kama ubani juu ya kaa, chuma kinaondoka. Tone likipoa linakuwa na umbo la kichuguu, linang'aa. Lisilong'aa alilirudia. Dakika 25, shilingi 5,000.

Nilimwomba pia rizista, kipingamizi cha umeme, ya kilo-omu 4.7 kwa ajili ya kipima joto. Hakuwa nayo. Akang'oa mbili za kilo-omu 10 kwenye bodi ya redio mbovu, za mistari ya kahawia, nyeusi na machungwa. "Zifunge sambamba upate tano. Itakutosha." Hizo hakunitoza.

Jumapili, 15 Juni

Sensa yangu, yaani kipima joto chenyewe, ni DS18B20, ile iliyofungiwa ndani ya kifuniko cha chuma na waya wa mita moja, shilingi 9,000. Inapima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125, na kwa joto la banda inakosea si zaidi ya nusu nyuzi. Nyaya ni tatu: nyekundu ya umeme, nyeusi ya ardhi, njano ya data.

Kabla ya kuchomeka chochote, chora pini zako kwenye karatasi. Pini 1 ni volti 3.3. Pini 2, jirani yake wa ubavuni, ni volti 5. Pini za data za bodi hii zinavumilia 3.3 tu, ukizipa 5 unaiua, na haitakuonya. Mimi nimechora kwa rangi, nikabandika ukutani juu ya meza. Nyekundu imeingia pini 1, nyeusi pini 6, njano pini 7.

Kisha unaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ili mfumo ujue kuna sensa. Hapa nimepoteza saa nzima. Maelekezo niliyokuwa nafuata yanasema faili liko /boot/config.txt. Nimelifungua, ndani nikakuta onyo kwamba nisilihariri, faili lenyewe limehamia /boot/firmware/config.txt. Onyo lilikuwa mbele ya macho yangu na mimi niliruka kwenda chini kutafuta pa kuandika. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha bodi hii, maandishi ya juu ya faili yasome.

Nilipowasha upya, badala ya sensa moja zikatokea nyingi, kila dakika mpya, majina yake yakianza na 00 yakifuatiwa na sifuri tupu. Sensa za mizimu. Sensa ya kweli ya aina hii jina lake huanza na 28. Maana yake waya wa data unaelea: hakuna kinachoushikilia juu, mashine inasikia kelele na kudhani ni majina. Hapo ndipo zile rizista za redio mbovu zilipofanya kazi yake. Nimezifunga zote mbili kati ya waya wa njano na wa nyekundu.

Mizimu ikaondoka. Likabaki jina moja linaloanza na 28, na ndani yake mwisho wa mstari wa pili: t=24187. Gawanya kwa elfu: nyuzi 24.187. Ni joto la chumba changu, Jumapili, saa mbili na robo usiku.

Nimeishika ncha ya chuma katikati ya vidole. 24.9. 27.3. 30.6. Inapanda, inanifuata.

Jumapili, 22 Juni

Skripti imekamilika. Ni mistari 19 ya lugha ya programu ya Python: fungua faili la sensa, chukua namba, gawanya kwa elfu, andika tarehe, saa na joto kwenye faili langu, funga. Cron, mtunza ratiba wa ndani ya mfumo, inaiendesha kila baada ya dakika tano, yaani mara 288 kwa siku. Kila rekodi ni herufi zisizozidi 25, kwa hiyo siku nzima ni kilobaiti 7 tu. Kadi hii haitajaa mpaka nizeeke.

Nimeongeza sharti moja: ikisoma 85 kamili, isiandike. Hiyo ndiyo namba ambayo sensa hii hujibu inapokuwa imewashwa tu haijapima bado, na banda lenye nyuzi 85 halina kifaranga wa kumwokoa.

Mama Mkubwa alitaka kujua nitajuaje kuwa inasema kweli. Swali zuri. Tumepondaponda barafu kwenye kikombe na maji kidogo, tukakoroga: 0.3. Kisha sufuria ya maji yanayochemka, nikatumbukiza ncha ya chuma peke yake: 96.1. Nikaanza kuhuzunika kuwa inakosea karibu nyuzi nne, mpaka nikakumbuka tuko wapi. Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya bahari, na kila unapopanda kama mita 300 maji huchemka nyuzi moja mapema. Hapa kwetu maji huchemka kwenye 96. Sensa ilikuwa inajua jiografia kuliko mimi.

Mama Mkubwa akatia mkono wake kwenye sanduku la maranda lililoachwa juani, akasema, "Hapa ni joto la kifaranga wa wiki ya pili." Sensa: 30.8. Wiki ya pili wanahitaji karibu 30. Hatukuongea, tulicheka tu.

Jumatano, 2 Julai

Vifaranga 100 chotara wa siku moja wamefika saa nne asubuhi, wote wazima. Bruda ni duara la kadibodi lenye maranda chini, jiko la mkaa katikati ndani ya wavu, na dirisha la juu liko wazi kidogo ili hewa ya mkaa itoke. Hilo la dirisha Mama Mkubwa halifanyii mzaha hata usiku wa baridi kali.

Bodi nimeifungia nje ya banda ndani ya kiboksi cha plastiki cha kuungia nyaya. Vumbi la maranda na mvuke wa kinyesi vingeila. Sensa peke yake ndiyo imeingia, imening'inia sentimita tano juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga, nusu ya njia kati ya jiko na ukuta. Ukiiweka karibu na jiko itakupa joto la jiko.

Wiki ya kwanza tunatafuta nyuzi 32 hadi 35.

Alhamisi, 3 Julai

Nimechapa jedwali la usiku kazini mchana, nikamletea Mama Mkubwa. Amevaa miwani, akapitisha kidole, akasimama.

"Hii si kweli, mwanangu. Saa nne nilikuwa macho. Niliwagusa mwenyewe, walikuwa na joto. Hapa umeandika 23."

Alikuwa amesoma 04:10. Kwa mtu yeyote wa nyumba hii, hiyo ni saa nne na dakika kumi. Kwa kompyuta, ni saa kumi na dakika kumi alfajiri. Saa sita nzima kati yetu, na mimi sikuliona, kwa kuwa kazini nimezoea kuishi na mifumo miwili ya saa.

Nimelirekebisha usiku huu huu. Chukua saa ya kompyuta, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili uchukue kinachobaki. Kikiwa sifuri andika kumi na mbili. Kisha mbele yake neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mistari minane. Kwangu hii ndiyo sehemu ya mradi iliyo na maana kuliko zote, kwa sababu mashine iliyonunuliwa kumsaidia Mama Mkubwa lazima iseme saa anayoishi yeye.

Ijumaa, 4 Julai

Wamekufa wawili. Jedwali la usiku, kwa saa zetu, limesoma hivi: saa 3:00 usiku, 34.1. Saa 5:00 usiku, 33.4. Saa 7:00 usiku, 31.7. Saa 8:30 usiku, 28.2. Saa 9:40 usiku, 25.0. Saa 10:50 alfajiri, 22.6. Kisha saa 12:00 asubuhi, 31.9.

Mama Mkubwa amelisoma mara mbili bila kusema. Halafu akaeleza mwenyewe. Mkaa anautia saa mbili usiku, jiko linajaa, anawagusa saa nne kabla ya kulala, wana joto. Anaamka saa kumi na moja, analiwasha upya kwanza, ndipo anawagusa. Wana joto. Miaka yote amepima mara mbili na mara zote mbili jiko lilikuwa limewaka. Katikati yake kuna saa nne ambazo vifaranga wanarundikana wakipandiana, wa chini anakosa hewa.

"Bwana mifugo aliuliza hili," alisema.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Steshenari imefungwa, nimeshinda bandani. Tumebadili mambo matatu. Mkaa uleule tumeugawa mara mbili: jiko la kwanza saa mbili, la pili saa saba usiku. Upande wa mashariki, unakopigia upepo, tumesimamisha magunia mawili juu ya kadibodi. La tatu ni king'ora: kifaa kidogo cha kulia, kinachowekwa dirishani kwa Mama Mkubwa, joto likishuka chini ya 30 kinalia.

Usikichomeke moja kwa moja kwenye pini ya data. Pini haiwezi kusukuma umeme wa kutosha bila kuumia. Fundi wa Majengo alinipa transista ya BC547 na rizista ya kilo-omu 1. Pini inaiamrisha transista, transista inabeba mzigo. Vyote na kile kifaa, shilingi 3,000.

Kimelia saa nane na dakika ishirini usiku. Ameamka, ametia mkaa, amerudi kulala.

Jumatano, 9 Julai

Jedwali la leo lina kitu ambacho hakiwezekani. Saa 5:15 usiku, 32.6. Saa 5:20 usiku, 24.3. Hakuna jiko linalopoa nyuzi nane kwa dakika tano.

Umeme ulikuwa umekatika. Mashine ilizimika, king'ora nacho kikanyamaza, na umeme ulirudi alfajiri. Lakini bodi hii haina saa yenye betri ndani. Ikizimika, muda wake unasimama. Ikiwaka inauliza muda kwenye intaneti, na usiku simu yangu ilikuwa imezimwa, haikupata wa kumuuliza. Ikaendelea na muda wa mwisho iliokuwa imeuhifadhi, kama mtu aliyezimia akaamka na kumalizia sentensi yake. Rekodi zikaungana bila pengo, na zote za baada ya hapo ni za saa ya uongo.

Kifaranga mmoja amekufa. Jambo hili limeniuma kuliko la kadi, kwa sababu kadi ilinipotezea siku tu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata saa ya DS3231, kidude kidogo chenye betri yake, shilingi 12,000. Kinavaliwa moja kwa moja juu ya pini. Tatizo: kinakalia pini 1, 3, 5, 7 na 9, na sensa yangu iko 1 na 7. Nimehamisha sensa: umeme pini 17, ambayo nayo ni volti 3.3, data pini 11, ardhi pini 14. Kwenye faili la mipangilio ule mstari wa sensa nimeuongezea kuwa data sasa iko GPIO 17. Angalieni, pini 17 na GPIO 17 si kitu kimoja: ya kwanza ni hesabu ya mahali, ya pili ni jina ambalo mfumo huiita pini ya data, na GPIO 17 inakaa kwenye pini 11. Nilichora upya karatasi yote kwa sababu hiyo.

Nilipoikagua saa ilionekana kwenye anwani 68, mahali pake. Nikaiandika kwenye mipangilio, nikazima kila kitu, nikazima na simu, nikangoja nusu saa, nikawasha. Muda sahihi, hadi sekunde.

Na umeme: kati ya chaja na bodi nimeweka pawabenki ya mAh 10,000 niliyokuwa nayo. Kipimo cha USB kinaonyesha bodi inakula kati ya ampea 0.12 na 0.20, kwa hiyo usiku mmoja hauishughulishi. Ila pawabenki yangu ina tabia: umeme wa ukutani ukirudi, inakata kwa sekunde moja ndipo iendelee, na bodi inajiwasha upya. Zamani hilo lingeharibu rekodi. Sasa saa iko, cron inaanza yenyewe, linapotea pengo la dakika moja.

Jumapili, 20 Julai

Siku 18. Wamekufa 4 kwa jumla, watatu wale niliowaandika na mmoja aliyekanyagwa mchana. Joto la kutafuta sasa ni 27 hadi 29, nimeshusha kikomo cha king'ora hadi 25.

Gharama yote, bila kadi ya kwanza na pawabenki niliyokuwa nayo, imefika shilingi 157,000. Kwa bei ya Mama Mkubwa ni majogoo wanane.

Jana fundi wa Majengo alinipigia akataka nimwandikie orodha ya vifaa. Shemeji yake ana vifaranga mtaa wa Kisasa. Nimeipiga picha ile karatasi ya pini nikamtumia. Sensa ya pili nimeiagiza, ya kukaa nje ya banda, ili tujue baridi ya nje inachukua muda gani kuingia ndani.

Mama Mkubwa ameacha kungoja nimchapie. Amefungua daftari lake la mahesabu ya mayai, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Asubuhi anachukua simu yangu, anasoma, anaandika kwa kalamu. Upande wa kushoto anaandika alichohisi kwa mkono kabla hajatazama, upande wa kulia kilichosema sensa. Leo kushoto: "28, upande wa mlango baridi." Kulia: 28.4.

Upande wa mlango hakuna sensa. Nimekwenda kuangalia, gunia lilikuwa limeanguka.